Kwanini wenye bustani Dodoma wanahama kiangazi kikiisha, si wangesubiri mvua?

Ukipita pembeni ya makorongo ya Dodoma mwezi wa kumi au wa kumi na moja, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno, utamkuta mtu anapakia ndoo, mpira, pampu na viroba vya samadi kwenye guta, anahamisha bustani. Wengine korongo likishuka na maji litawafagia, wengine eneo limepimwa viwanja, maana tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016 mji unakimbia kweli. Sasa swali, kwanini asisubiri mvua ardhi ilainike?

Kwanza ni maji. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600, kwahiyo Novemba ndio maji ya kisima yapo chini kabisa. Mwezi wa tatu kila kisima kinajifanya kizuri bwana. Ila ukiteka ndoo ishirini mwezi wa kumi na moja na jioni ukakuta yamerudi, hapo lipa kodi ya shamba.

Na yaonje pia. Maji ya huku sehemu nyingi yana chumvi, na kiangazi unaiona kwa macho: maji yanapanda toka chini, jua linayakausha, juu ya udongo unabaki unga mweupe kama magadi. Mvua ikinyesha unga unaoshwa, unapaona pako poa kabisa, unapanda maharage au karoti, haziendi popote. Spinachi angalau inavumilia.

Halafu kuna udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi una nyufa unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ukilowa unavimba na kunata, kirikuu ikiingia mnaisukuma mpaka usiku. Kwahiyo hata kama unaupenda, mizigo ifike kabla.

Lakini kubwa kuliko yote ni samadi. Watu wanadhani bustani ni mbegu na maji, kumbe udongo wa bustani ya zamani umelishwa miaka, ule mpya ukimwaga mchicha unatoka wa njano, mfupi, hauna hata fungu. Na samadi mbichi inaunguza miche, so inabidi uichanganye mapema, uilowanishe, uifunike na majani wiki nne mpaka sita ndio itulie. Piga hesabu kurudi nyuma toka Desemba, unaangukia mwishoni mwa Oktoba au Novemba hiyo hiyo.

Kuna wanaobeba na udongo wenyewe kwenye viroba. Mi sikatai, ila kama nyanya zako ziliwahi kunyauka zikiwa bado kijani usithubutu. Kata shina moja lililonyauka, liache limegusa maji masafi ndani ya glasi, subiri dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ujue ni mnyauko wa bakteria, unakaa ardhini miaka na utakuwa umeuhamisha kwa nauli yako mwenyewe.

Matuta nayo yanageuka. Kiangazi tunachimba vijaruba vya kuzama ili kila ndoo ibaki kwenye mizizi, masika unanyanyua tuta ili maji yatoke. Mi mwaka niliohama nilijua yote haya ya juu, kisima nimekionja, samadi imeiva, nikachimba vijaruba vilevile vya kuzama kwa mazoea tu, mvua ya kwanza ikapiga usiku, asubuhi naenda nakuta miche ya nyanya inaelea na jirani yangu mgogo mmoja mzee kaegemea jembe anaangalia, ananiambia "pole mwanangu, hapo ungepanda mpunga."