Panya kapona, wewe je? Maswali kuhusu picha za PET na majani ya mstafeli

Mama akija kliniki na titi lililoanza kuchubuka, kwanza namuuliza uvimbe aliuona lini. Hapa Moshi jibu nalijua kabla hajafungua mdomo: "Mwaka jana, daktari, ila nilianza na majani ya mstafeli." Kisha ananionyesha simu. Kuna picha mbili za panya, moja ina doa linalong'aa, nyingine doa limefifia, na chini pameandikwa kuwa saratani imepona. Picha hiyo ndiyo iliyozaa maswali haya.

Hiyo picha ni ya nini?

Ni picha ya PET, kipimo kinachoonyesha sukari inaliwa wapi mwilini. Panya huchomwa sindano ya sukari iliyoungwa na fluorini-18, chembe yenye mionzi. Chembe hiyo hutoa positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, nayo ikigongana na elektroni, miale miwili huruka pande mbili tofauti. Mashine huinasa na kuchora ilikotoka. Saratani nyingi hula sukari kuliko nyama iliyo jirani, jambo ambalo Mjerumani Otto Warburg alilieleza miaka ya 1920. Ndiyo maana doa linawaka.

Kwa nini panya?

Kwa sababu panya yuleyule anaweza kupigwa picha leo na wiki ijayo akiwa hai, badala ya kuua kundi zima kila hatua. Mashine zake ni ndogo, na huona vitu vya milimita moja au mbili.

Doa likififia, si ndiyo amepona?

Hapana. Doa likififia, maana yake uvimbe ulikula sukari kidogo saa ile. Hata baridi tu huivuruga picha, kwa kuwa panya akihisi baridi mafuta yake ya kahawia, yale yanayochoma sukari ili kuupa mwili joto, huwaka kama uvimbe. Watafiti wanajua, kwa hiyo humfungisha kula, humlaza kwa dawa ya usingizi na kumpasha joto. Aliyekutumia picha kwenye simu hakukuambia hayo.

Tena panya huyo ana gramu 20 hadi 30. Mara nyingi uvimbe wake umepandikizwa na watu, na dawa aliyopewa imepimwa kwa miligramu. Sufuria yako ya majani imepimwa na nani?

Lakini kama mmea umemsaidia panya, si utanisaidia na mimi?

Hapana, mama. Dawa nyingi zilizofanya vizuri kwa panya zimeshindwa kwa binadamu. Panya ni mahali pa kuanzia swali. Jibu linatafutwa kwa watu, kwa miaka.

Nijaribu miezi mitatu, nisipopona nije?

Hapana. Hapana kabisa. Uvimbe hausubiri umalize majani. Uvimbe uliokuwa wa kutolewa kwa upasuaji mdogo unaweza kuingia kwapani, kisha kwenye mifupa, wewe ukiwa bado unachemsha. Na usiseme "hauumi". Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni, na hapo ndipo tunapokutaka.

Basi niache kula sukari ili saratani ife njaa?

Usijinyime chakula. Mwili hutengeneza sukari wenyewe hata usipoila. Ninaowaona wamefuata ushauri huo wanafika wamekonda, hawana nguvu ya kuhimili dawa za saratani. Inaniuma kila mara.

Mionzi ya PET haitaamsha saratani?

Haiamshi saratani iliyolala. Mionzi ya fluorini-18 hupungua nusu kila dakika 110, na kipimo hufanywa pale tu faida inapozidi madhara. Matumizi ya mionzi nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Nisubiri nipate hela ya PET ndipo nianze?

Usisubiri! Wengi hawahitaji PET kuanza matibabu. Tunaanza kwa kukupapasa, ultrasaundi, na kuchukua kinyama kipimwe. Kuchukua kinyama hakuisambazi saratani, hofu hiyo nayo imenichosha.

Nimeshakunywa majani miezi sita. Nitagombezwa?

Njoo wiki hii. Beba majani yenyewe au chupa, pamoja na dawa zozote unazotumia, tujue umekunywa nini kabla hatujakuandikia nyingine.