Shenzhen haikuanza kama kijiji cha wavuvi

Kwa zaidi ya miaka 40 imesimuliwa kwamba Shenzhen, jiji la bandari lililopakana na Hong Kong kusini mwa China, lilikuwa kijiji kidogo cha wavuvi hadi lilipotangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Simulizi hilo linavutia, kwa kuwa linayakuza mageuzi ya Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo, lakini si sahihi.

Jiji hilo liliundwa mwaka 1979 kutokana na wilaya ya Bao'an, iliyokuwa na wakazi zaidi ya 300,000, wengi wao wakiwa wakulima wa mpunga, wafugaji wa chaza na wafanyabiashara. Mji wenyewe wa Shenzhen ulikuwa mji wa soko, na tangu mwaka 1911 ulipitiwa na reli ya kutoka Kowloon, huko Hong Kong, hadi jiji la Guangzhou. Upande wa magharibi upo mji mkongwe wa Nantou, uliokuwa makao ya utawala wa wilaya ya zamani ya Xin'an, ambayo iliwahi kujumuisha hata ardhi ya Hong Kong. Upande wa mashariki, ambako Wahakka wengi, jamii ya Wachina yenye lugha yake, waliishi, ngome ya Dapeng ilijengwa mwaka 1394 kulinda pwani.

Ukuaji wake, uliofikisha wakazi zaidi ya milioni 17 katika sensa ya mwaka 2020, ni wa ajabu kweli. Hata hivyo, kuwafuta wenyeji na historia yao ili ajabu hiyo ionekane kubwa zaidi ni kuwadhulumu.