Hujala? Meza Dawa Vivyo Hivyo

Nimechoka kulisikia jambo hili kwenye dirisha la dawa hapa Kisumu. Mtu anayetumia ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, ameruka dozi, na nikimwuliza sababu ananijibu kwa unyenyekevu kwamba jioni ile hapakuwa na chakula nyumbani, naye alifundishwa kuwa dawa hizi ni kali na humdhuru mwenye njaa. Asemaye hivyo si mzembe, bali ni mtu mwangalifu anayefuata kanuni isiyomhusu.

Watu wazima wengi nchini siku hizi humeza TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri katika kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Humezwa na aliyekula na asiyekula. Ni kweli kwamba chakula huongeza kiasi cha dolutegraviri kinachoingia mwilini, lakini kile kinachoingia bila chakula kinatosha kuvidhibiti virusi. Kisichosaidia ni kidonge kilichobaki mkebeni.

Kanuni hiyo haikuzuka bure. Kabla ya Kenya kuanza kutumia dolutegraviri ya bei nafuu mwaka 2017, kliniki nyingi zilihimiza lishe sambamba na dawa, na mpango wa AMPATH kule Eldoret hata ulilima mashamba ili wagonjwa wapate chakula. Lilikuwa jambo jema, kwa kuwa mwili uliodhoofika hauponi kwa vidonge pekee. Ila “kula vizuri” ilipofika mitaani ilikuwa imegeuka kuwa “usimeze bila kula”. Cha kuchekesha ni kwamba efavirenzi, waliyoitumia wengi miaka ile, ilifaa zaidi kumezwa tumbo likiwa tupu, kwani mlo wa mafuta mengi uliongeza kizunguzungu na ndoto za ajabu.

Hata hivyo nina shaka moja. Vitabu vyetu husema “pamoja na chakula au bila chakula” na kuishia hapo, kana kwamba asiyekula ni yule aliyechelewa kupata kiamsha kinywa, wala si mama aliyeshinda soko la Kibuye akiuza omena kwa kikombe cha chai ya rangi. Akiniambia kwamba kichefuchefu humshika, simbishii. Namshauri ameze wakati wa kulala, au kwa uji kidogo ukipatikana. Na ikiwa dawa inamnyima usingizi, aihamishie asubuhi. Akisahau, ameze mara akumbukapo, isipokuwa zimebaki chini ya saa 4 kabla ya dozi inayofuata, na kamwe asimeze dozi mbili kwa mpigo. Maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, homa, au kikohozi chenye jasho la usiku asivisingizie dawa: aje kliniki siku hiyo hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mama mjamzito anaweza kunihoji kwa kirefu kuhusu ugali, ilhali mkobani ana vidonge vya kuongeza damu ambavyo haniulizi kabisa. Madini ya chuma, kama kalisi, huinasa dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie katika damu. Akivimeza pamoja na TLD wakati wa mlo, hakuna tatizo. Asipokuwa na chakula, atangulize TLD kwa saa 2, au ameze vidonge vya damu kwanza kisha angoje saa 6. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, ambazo mtu hujinunulia dukani bila kumwuliza yeyote, hufuata saa hizo hizo, na hizo hata mlo hauziondolei sharti.

Wanaotumia ARV nyingine, yaani atazanaviri au darunaviri, ndio ambao kanuni ya chakula inawahusu kwelikweli, kwa maana dawa hizo hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Hao, ikiwa chakula hukosekana mara kwa mara, watuambie mapema, kabla hawajaanza kuruka dozi, ili tutafute njia pamoja.