Somo la Hasira Halitoshi kwa Aliyekulia Kwenye Kipigo

Sisi washauri nasaha tunaohudumia wafungwa na watu walio chini ya probesheni, yaani wanaotumikia adhabu nje ya gereza chini ya uangalizi, hapa Nakuru tunamfahamu vyema mtu wa namna hii: amemaliza masomo yote ya kudhibiti hasira, anajua kuvuta pumzi, anajua kuhesabu hadi kumi. Kisha mtu anamfokea, na ngumi inaruka kabla hajafika mbili. Watu husema amekataa kurekebika. Mimi naona sisi ndio tuliomwanzishia somo katikati.

Mtoto anayelala akisikiliza hatua za baba aliyerudi na chang'aa kichwani hujifunza mapema kuipima hatari: mlango umefunguliwaje leo, anakohoa vipi. Ujuzi huo humlinda. Ubongo wake, ambao bado unakua, huyazoea maisha hayo, na kengele yake ya hatari huwa nyepesi kulia. Miaka 20 baadaye baba ameshazikwa, kengele bado inalia. Gereza nalo huigonga kutwa kucha, kwa amri za ukali, vyuma vinavyogongana na kupekuliwa mwilini. Anayekakamaa anapopekuliwa huitwa mkaidi, kumbe huenda mwili wake unakumbuka mikono iliyomdhulumu akiwa mdogo, jambo ambalo hajamwambia mtu.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliowahoji watu wazima zaidi ya 9,000, uligundua kwamba waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya kuingia katika ulevi, mihadarati, sonona na majaribio ya kujiua, kuliko wale ambao hawakupitia lolote. Hao hawakuwa wafungwa. Walikuwa watu wa kawaida wenye bima ya afya. Sisi hapa tuna hesabu yetu pia. Aliyekuwa na miaka 6 Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, akalala hemani katika Uwanja wa Maonyesho baada ya kwao kuchomwa, leo ni mtu mzima anayeweza kusimama kizimbani.

Naomba nieleweke. Aliyekatwa panga ana haki yake, na wengi waliolelewa kwa mateso hawajamdhuru mtu. Kidonda cha utotoni hakifuti kosa. Kinatuonyesha tiba ianzie wapi.

Nayo huanza na utulivu: usingizi, ratiba isiyobadilika ovyo, mshauri yule yule kila wiki. Halafu mazoezi ya kuutambua mwili unapoanza kupanda moto, mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuondoka. Simulizi ya yaliyompata huja mwisho, faraghani, na akitaka mwenyewe. Kumshurutisha aseme mbele ya kikundi ni hatari kubwa. Siri iliyotoka asubuhi inaweza kuwa silaha selini jioni.

Familia zina nafasi yao. Kabla ya hukumu, mahakama inaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni, naye huja nyumbani kuuliza mtu huyu alilelewaje. Akina mama wengi hujibu, "Alilelewa vizuri tu," wakichelea aibu ya boma. Mweleze ukweli, mama. Ukiona vigumu mbele ya wazee, mwombe mzungumze kando.

Na ikiwa katika nyumba hiyo kuna mtoto anayepigwa au kudhulumiwa sasa hivi, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Ni bure, usiku na mchana.