Kufuatilia Historia ya Shamba la Kale Uingereza

Wengi wanaotaka kujua historia ya shamba la kale nchini Uingereza hukimbilia Kitabu cha Domesday, yaani daftari la ardhi lililoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086, wakitumaini kulikuta humo. Hatushauri kuanzia hapo. Kitabu hicho kilishughulika na milki za mabwana wa ardhi, na ni nadra kutaja shamba mojamoja. Aliye makini huanza na leo akarudi nyuma hatua kwa hatua, huku akiifuata ardhi yenyewe kuliko jina lake, kwa kuwa shamba huweza kubadilishwa jina kila linapopata mwenyewe mpya, ilhali mipaka ya makonde yake hudumu.

Waraka wenye manufaa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni ramani ya zaka. Kwa karne nyingi mkulima alitoa sehemu ya kumi ya mazao yake kwa ajili ya kanisa, hadi sheria ya mwaka 1836 ilipoyageuza malipo hayo kuwa ya fedha, yakifuata bei ya nafaka. Ili kila mtu akadiriwe kwa haki, wapimaji walipita parokia kwa parokia wakalitia kila konde namba, na katika daftari linaloandamana na ramani wakaandika mmiliki, mpangaji, jina la konde, matumizi yake na ukubwa wake. Majina hayo yasipuuzwe: konde linaloitwa la Tanuri la Matofali huweza kukuonyesha yalikotoka matofali ya nyumba yenyewe. Ramani zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London, fungu IR 30, na madaftari yake fungu IR 29. Mara nyingi nakala nyingine iko katika ofisi ya nyaraka ya kaunti. Hata hivyo, palipokuwa pameshafutwa zaka wakati ardhi ya pamoja ilipogawanywa, hasa katika kaunti za katikati ya nchi, huenda ramani isiwepo, na badala yake utafute hati ya mgawanyo huo.

Ukishampata mpangaji, mfuate katika sensa. Ile ya mwaka 1851 iliwataka wakulima waeleze ukubwa wa mashamba yao na idadi ya vibarua wao. Ukaguzi wa mashamba wa mwaka 1941 hadi 1943, uliofanywa wakati wa vita, ulithubutu hata kuwapanga wakulima katika madaraja A, B na C, jambo ambalo baadhi ya wajukuu hawalipokei vizuri.

Kabla ya mwaka 1733 kumbukumbu za mahakama za mabwana wa ardhi ziliandikwa kwa kawaida kwa Kilatini, na hadi mwaka 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1710 ya mwandishi wa zamani ni Februari 1711 kwetu. Wanaovumilia taabu hiyo huzifikia orodha za mali za marehemu, ambazo mara nyingine huhesabu chumba kwa chumba: vitanda, masufuria, jibini zilizowekwa rafuni, na ng'ombe waliobaki zizini.