Je, wajua kwa nini rclone haikuulizi nenosiri lako la Google?

Tuseme una GB 400 za picha na nyaraka kwenye Google Drive na umeamua kuhamia OneDrive. Unachukua rclone, programu ya bure ya kuhamisha faili kutoka wingu moja hadi jingine, unaandika rclone config na kungoja iulize nenosiri. Haiulizi. Kinafunguka kivinjari, unaingia Google kama siku zote, unabofya kuruhusu, basi. Programu imeingiaje?

Imeingia kwa tokeni, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotumika badala ya nenosiri. Tokeni ya umeme tunaijua: tarakimu 20, ukishazibonyeza kwenye mita hazina kazi tena. Hii hutumika tena na tena mpaka muda wake uishe. Ukibofya kuruhusu, Google hukirudisha kivinjari kwenye 127.0.0.1, yaani kompyuta yako hiyo hiyo, poti 53682, ambako rclone imetega sikio. Inachopewa hapo ni msimbo tu, nayo inaupeleka Google na kurudi na tokeni mbili. Utaratibu huo huitwa OAuth 2.0, uliochapishwa mwaka 2012.

Kwa nini mbili? Fungua rclone.conf, faili ambamo rclone huweka mipangilio yake, ujionee. Kuna access_token, inayoonyeshwa Google kila rclone inapoomba kitu, na expiry, saa ya kufa kwake. Ya Google huishi saa moja. Sasa piga hesabu: GB 400 kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde ni kama saa 44, kwa hiyo tokeni itakufa zaidi ya mara 40, nyingine wewe ukiwa usingizini. Hapo ndipo refresh_token inapofanya kazi. Yenyewe haifungui faili yoyote. Hutumwa tu kuchukua tokeni mpya ya saa moja, na uhamishaji unaendelea.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba ruhusa hukatwa vipande. Kwa Google Drive unaweza kuchagua drive.readonly, kusoma tu. Hata ukikosea amri saa nane za usiku, hakuna kitakachofutwa upande unaohama. Nenosiri lingetoa vyote.

Ila soma na neno jingine lililo ndani ya rclone.conf: Bearer, yaani mbebaji. Aliyeibeba tokeni ndiye anayehudumiwa, haulizwi yeye ni nani. Ukimtumia fundi rclone.conf kwa WhatsApp akusaidie, umempa ufunguo. Na usidhani kubadilisha nenosiri kutakuokoa, maana kwa ruhusa za Drive pekee, Google haiiui refresh_token kwa sababu hiyo. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta orodha ya programu zilizounganishwa, uiondoe rclone. Halafu iwekee faili yenyewe nenosiri. Rclone config ina chaguo hilo.

Kuna wanaolalamika kwamba kila wiki rclone inawagomea. Mara nyingi ni wale waliojisajilia kitambulisho chao cha programu (client ID, ambacho Google huitambua programu kwacho) kule Google wakakiacha katika hali ya majaribio. Hapo refresh_token hufa baada ya siku 7. Kitoe kwenye majaribio, kisha uandike rclone config reconnect, jina uliloipa hifadhi yako na nukta mbili. Kivinjari kitafunguka tena.