Wasanii wa Dar: tunayoyasema na ukweli ulivyo

Kila kukiwa na maonyesho au tamasha mjini, watu wanapost "tunajivunia wasanii wetu" na vibendera vitatu, safi kabisa sina ugomvi. Ila kaa nao mezani dakika kumi uwasikilize wanavyoongea, utashangaa, maneno mengine hayana kichwa wala miguu na ukiyafuatilia mwisho wake unakuta ndo yanayomkosesha msanii hela. Nitaongelea zaidi michoro na vinyago maana huko ndo kunanikera kuliko kwingine, muziki nitaugusa kidogo tu.

"Tingatinga ni sanaa ya kale, ya mababu"

Hii nimeisikia hadi kwa watu wanaotembeza wageni, jamani! Tingatinga, tunaloita ile michoro ya wanyama yenye rangi kali, ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru huko kusini, akatoka kwao kutafuta maisha, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akafanya kazi za ndani na bustani kwa mzungu na vibarua vya hapa na pale. Kuchora kaanza kwenye 1968 hivi, yaani uhuru tushapata na Azimio la Arusha lishatangazwa, sasa mababu wanaingiaje hapo? Alikuwa anachorea kwenye silingbodi kwa zile rangi za mafuta za kung'aa zinazopakwa baiskeli, kwa sababu ndo zilizokuwepo dukani na ndo alizoweza kuzinunua, na picha zikawa zinauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, maana wageni wenye hela ndo walikuwa wanafanyia manunuzi pale. Jamaa alikuwa na akili ya biashara, hilo watu hawalisemi.

1972 polisi wakampiga risasi usiku wakidhani ni mhalifu, akafa. Kwa hiyo kazi yake yote tunayoisifia ni ya miaka minne mitano basi. Waliobaki ni ndugu zake na vijana aliokuwa anawafundisha, kina January Linda, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, wao ndo wakaendeleza, wakafundisha wengine, na 1990 kikaundwa chama cha ushirika ambacho mpaka leo kiko palepale Oysterbay. Sasa ukisema "ni ya mababu" unakuwa umemfuta yeye na hao wote kwa sentensi moja, halafu kitu cha mababu kinaonekana hakina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe nani atakilipia bei ya maana?

Na kila mchoro una mchoraji wake, angalia chini kwenye kona kuna saini. Kuna watu wametundika twiga na chui sebuleni miaka yote hiyo na hawajawahi kulisoma lile jina.

"Vinyago vya shetani ni mambo ya kishirikina"

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Wamakonde wana mapiko, ile barakoa anayovaa mchezaji kwenye ngoma za jando na unyago, hiyo kweli ni ya mila na ina heshima yake na miiko yake. Lakini hivi vinyago vya mashetani vyenye jicho moja, mguu mmoja, tumbo limetoboka, vimezaliwa hapahapa Dar miaka ya 1950. Anayetajwa kuvianzisha ni Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyekuwa anamuuzia kazi mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, Mohamed Peera. Hadithi za mashetani alitoka nazo kwao ndiyo, ila kuzitoa kwenye mti kwa staili ile ilikuwa ubunifu wa mtu mmoja mmoja kwa ajili ya kuuza, na wateja wakapenda, wenzake nao wakafuata. Vivyohivyo ule mti wa watu wanaopandiana mabegani, tunaouita ujamaa, anayetajwa ni Roberto Yakobo Sangwani. Wengi wanadhani ulitokana na siasa za Mwalimu, kumbe staili yenyewe ilishaanza kuchongwa kabla ya Azimio la Arusha la 1967, jina la ujamaa ndo likaja kuikolea baadaye.

Kwa hiyo shangazi yangu usiogope kuweka kinyago ndani, hakitatembea usiku.

"Kikiwa cheusi ndo mpingo"

Kiwi ya viatu nayo ni nyeusi. Mpingo ni mzito sana, ukiutia kwenye maji unazama, na sehemu ya nje karibu na ganda ni nyeupe ya kufifia kama krimu, weusi uko ndani, ndo maana wachongaji wengine huacha kile cheupe kidogo makusudi kionekane. Ukishika kinyago kikubwa na chepesi halafu vidole vinabaki na rangi, mwenzangu hapo umeuziwa kiwi. Sio kwamba mti mwingine ni mbaya, mbaya ni kudanganywa.

"Msanii ni yule aliyefeli shule"

Sam Ntiro alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Mchoraji huyo! Profesa Elias Jengo kafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka na miaka. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Ila pia sipendi tukigeuza iwe lazima uwe na cheti ndo uitwe msanii, maana mchongaji na mchoraji George Lilanga alianza Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, kama mlinzi wa usiku, na kazi zake zikaja kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Njia ziko nyingi bwana.

"Nimeinunua, ni yangu, naichapa kwenye fulana"

Umenunua ubao na rangi, hujanunua haki ya kunakili. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mchoraji tangu kazi inapokamilika mkononi mwake, hata kama hajaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki (usajili unasaidia kwenye ushahidi siku mkigombana), na ulinzi unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Staili haimilikiwi na mtu, yeyote anaweza kuchora kwa mtindo wa tingatinga, ila kuchukua mchoro wa fulani ukaubandika kwenye kalenda ya kampuni au ukuta wa hoteli bila kumuuliza ni kuvunja sheria, na wanaofanya hivyo mara nyingi sio vibaka, ni watu wenye ofisi na viyoyozi kabisa.

"Tutamlipa kwa kumtangaza"

Muuza rangi hapokei matangazo. Next.

"Singeli ni kelele za wahuni"

Uswahilini vijana walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza kwa kompyuta, biti mia mbili na zaidi kwa dakika, wakapigia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, huku watu wa mjini wakiwacheka. 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa nyimbo za Sisso Studios, studio ya singeli ya hapa Dar, na baada ya hapo wazungu wakawa wanairukia kwenye matamasha yao huko Ulaya. Huipendi? Sawa, masikio ni yako, ila usiseme haina ubunifu.

"Hivi vitu ni vya watalii, sisi hatuviwezi"

Hii inaniuma kidogo kwa sababu ina chembe ya ukweli, soko lenyewe lilianzia kwa wageni. Lakini pale Oysterbay kuna michoro midogo ya kila saizi na bei inaongeleka, Mwenge Vinyago unaingia bure unazunguka unamkuta fundi anachonga, na Nafasi Art Space Mikocheni wapo tangu 2008, wana studio na maonyesho, unaweza kuongea na msanii mwenyewe. Mtalii anapita mara moja anaondoka, wewe uko hapa mwaka mzima, una kuta nyumbani, una harusi za kupeleka zawadi. Kupatana bei ruksa, ni Bongo hii, ila ukishapewa bei ya kishkaji usianze tena kuomba uongezewe na kile kinyago kidogo cha tembo bure.